Bi Mkaguzi Aliyefunika Maneno

Bi Mkaguzi hakuanza kitabu kwa jalada. Alikilaza mezani kifudifudi, akakipiga kofi mgongoni kama anayembembeleza mtoto alale, kisha akakinyanyua kwa ukurasa mmoja tu na kukitikisa. Ukurasa ukimbakia mkononi na kitabu kikaanguka, hukumu ilikuwa imeshapita.

"Mtoto wa miaka minne hasomi kitabu, anakibeba," alituambia. "Anakibeba kwa sikio, kama mwanapaka. Mie bibi kizee nikikichana, yeye si atakimaliza kabla uji haujapoa?"

Jina lake nalijua, na wengi wa Mji Mkongwe wanalijua, lakini hili la Bi Mkaguzi ndilo tulilompa sisi walimu wa skuli za maandalizi, na ndilo nitakalolitumia. Ukaguzi wenyewe haukuwa wa kuajiriwa. Alikuwa mwalimu mstaafu wa watoto wadogo, na kituo chetu cha walimu kilimwomba akae kwenye kamati ya vitabu vya picha. Kazi ya kamati ilikuwa kuamua kitabu gani kiingie madarasani kwa watoto wa miaka minne na mitano, na kipi kisiingie. Tulikuwa watu watano, tukikutana Jumamosi asubuhi katika chumba cha juu cha nyumba moja kuukuu upande wa Mkunazini. Wanne tulikuwa na fomu. Yeye alikuwa na daftari.

Fomu ile niieleze kidogo, maana bila ya kuijua hutaelewa kwa nini alituudhi. Ilikuwa na vyumba vya kutia alama: lugha, maadili, ubora wa picha, umri unaofaa, na kadhalika. Ukijaza vyumba vyote unajumlisha, na jumla inakwambia kitabu kipite au kisipite. Ni fomu nzuri, naitumia hata leo. Bi Mkaguzi aliikunja mara nne akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza. Katika daftari lake kila kitabu kilikuwa na ukurasa wake, na juu ya kila ukurasa swali moja tu: *Mtoto kaona nini?*

"Si mimi nimeona nini," alieleza. "Mie nshaona mengi, macho yangu yamechoka."

Kwa hiyo vitabu tulivipeleka kwa watoto. Alikuwa na kipande cha kanga, kimefifia rangi mpaka hujui kilikuwa chekundu au cha zambarau, na kwa kipande hicho alifunika maneno ya kila ukurasa. Picha zikabaki peke yake. Kisha alikishika kitabu usawa wa kifua, akawaelekezea watoto, akanyamaza. Walimu wengi hatujui kunyamaza mbele ya watoto, tunaona kimya ni kama sufuria iliyoachwa motoni. Yeye alikaa kimya hadi mtoto mmoja aseme neno, na mwengine alipinge, na wa tatu acheke, na hadithi ianze kutoka kwao. Hadithi yao ikifanana na ile iliyofunikwa, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Ikiwa nyengine lakini nzuri zaidi, aliiandika. Wasiposema kitu, alifunga kitabu na kukitia mkobani bila neno.

Kabla ya hapo lakini alikuwa na jambo moja zaidi. Alimwomba mwalimu wa darasa ashike kitabu mbele, yeye akaenda kukaa mkekani safu ya mwisho kabisa, magoti yakilia kama mlango. Aliyumba kushoto na kulia kuona kama kichwa cha mbele kinamziba. "Mtoto wa nyuma naye ana macho," alisema. Vitabu vingapi vizuri, vyenye picha ndogo ndogo za kupendeza, vilianguka pale mkekani!

*

Watu walidhani anapenda vitabu vya kwetu na kuchukia vya nje. Nami nilidhani hivyo, mpaka siku tulipoletewa viwili pamoja. Cha kwanza kilikuwa cha kwetu hasa: milango ya nakshi, minazi, mapunda, wazee wa kanzu barazani, kila ukurasa umejaa. Cha pili kilikuwa cha nchi ya baridi, mtoto kavaa makoti matatu anacheza kwenye theluji. Sisi wanne tulikwisha kutia alama zetu. Cha kwetu kipite, cha theluji kirudi kilikotoka.

Tukavipeleka kwenye skuli moja ya Uroa. Kwenye milango ya nakshi watoto walitazama, wakanyamaza, wakaanza kuvutana mashungi. Kwenye theluji wakasimama wote.

"Mwalimu, barafu imemwagika!"

"Friza la kina nani hilo limefunguka?"

"Mwambie mama yake! Atapigwa huyo!"

Nusu saa nzima waliizungumza barafu ile: nani kaimwaga, ataizoa vipi, na kama tukiitia sukari tuwauzie watu. Bi Mkaguzi aliandika mpaka kidole kikamuuma. Tulipotoka nje nikamwambia, "Lakini Bi, theluji hawaijui."

"Kumwaga kitu wanakujua," akajibu. "Na kuogopa mama wanakujua. Kile chengine kimechorwa kwa ajili ya watalii, mwanangu. Mtoto hana kazi ya kufanya mle ndani. Ataingia, ataambiwa asiguse, atatoka."

Hata hivyo, usimfanye mtu wa kupitisha kila kinachochekesha. Kulikuwa na kitabu cha mama mkulima wa mwani, kimechorwa vizuri mno, rangi zake ungezila. Mama yuko baharini, maji yamemfika kifuani, anafunga mwani kwenye kamba huku akitabasamu. Kule Chwaka, ambako mama za watoto wale wenyewe hufunga mwani, darasa zima lilipiga kelele.

"Maji yamejaa!"

"Huyo hafungi mwani, huyo anazama!"

Mwani wa kule hufungwa maji yakishatoka, mtu kainama, maji yanamlamba vifundo tu. Mtoto mmoja hakutaka tena kusikia habari ya mwani wala ya kamba. Kila ukurasa ukifunuliwa aliuliza, "Keshatoka? Keshatoka?" Bi Mkaguzi alimrudishia mchapishaji kitabu na kijibarua: *Mchoraji aende Chwaka maji yakiwa yametoka, na avue viatu.*

Mchapishaji alikasirika, akaja mwenyewe mpaka Mkunazini. Tulisikia ngazi zikilia. Alimaliza maneno yake yote, Bi akamsikiliza, kisha akamuuliza kama ameshakula. Aliondoka na andazi mkononi. Mwaka uliofuata kitabu kilirudi, mama ameinama, maji yako vifundoni, na kikapita.

*

Alikuwa na mambo yasiyopatana, na ningekuwa mwongo nikiyaficha. Alitukataza kula karibu na vitabu, na vitabu vyake mwenyewe vilinata halua. Alisema kitabu cha picha si mahali pa kumhubiria mtoto, kisha akakuhubiria wewe mtu mzima saa nzima namna ya kukunja mkeka. Midoli ya betri hakuitaka hata kuisikia, lakini ndani ya mkoba wake mlikuwa na paka wa plastiki anayelia ukimbonyeza, na alimbonyeza akiwa peke yake. Nilimfuma. "Nnamkagua," alisema.

Ubaoni aliandika kwa mkono wa kulia, herufi zimesimama wima, kila moja peke yake, kama watoto waliopangwa mstari na hawataki. Lakini embe alimenya kwa mkono wa kushoto, tena upesi, ganda likitoka refu bila kukatika. Uzi aliutia sindanoni kwa kushoto. Nilikaa navyo miaka, nikiviona na nisivione.

Na kwa watoto, jambo ambalo hakulilegeza hata siku moja lilikuwa mkono. "Mkono wa kulia, mwanangu," alimwambia mtoto aliyeshika kipande cha mkate kwa kushoto, aliyempa mwenzake kalamu kwa kushoto, aliyeamkia kwa kushoto. Alisema taratibu, bila kofi, lakini alisema kila mara. Nasi sote hapa ndivyo tulivyolelewa. Hata mtu mzima, mkono wake wa kulia ukiwa na unga, akikupa kitu kwa kushoto hukwambia kwanza, "Samahani kwa mkono."

Karibu na kituo palikuwa na duka la madaftari la mzee mmoja wa Kihindi ambaye familia yake imeuza karatasi mtaani pale tangu hatujazaliwa. Humo Bi alipita kila Jumamosi kuchukua makaratasi magumu ya kutilia majalada.

"Bi Mkaguzi, leo umechinja wangapi?"

"Leo nimezika mmoja, nimeokoa wawili."

"Alhamdulillahi. Na yule wa mwalimu wako, utamfanyaje?"

Alinikusudia mimi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na kitabu kilichokuwa mkobani mwake wiki ile kilikuwa changu.

*

Nilikiandika kwa miaka miwili. Kilikuwa kitabu cha sahani. Nyumba zetu za mjini zimebanana, na mwezi wa Ramadhani, karibu na magharibi, sahani hutembea: wewe unampelekea jirani muhogo wa nazi, yeye anakurudishia sahani yako ina sambusa. Sahani ya jirani hairudi tupu. Katika kitabu changu bibi anamtuma mjukuu wake na sahani, na mjukuu anaifuata nyumba kwa nyumba, kwa Mhindi wa ghorofani, kwa Mwarabu muuza kahawa, kwa mama mgeni aliyetoka shamba, mpaka sahani inarudi kwa bibi imejaa vitu ambavyo hakuvipika. Ukurasa wa mwisho bibi na mjukuu wanafuturu. Basi. Kila ukurasa una mkono unaotoa na mkono unaopokea.

Rafiki yangu mchoraji alichora, tukachapisha nakala chache za majaribio, na nikaipa kamati. Nilitaka kile kitabu kiingie madarasani kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Wenzangu watatu walijaza fomu zao, na vyumba vyote vikajaa alama nzuri. Bi Mkaguzi alikaa nacho wiki nzima. Alikirudisha na maneno mawili. "Kanga ya bibi haina jina," yaani mchoraji kachora madoadoa tu, hakuandika maneno yanayokuwapo chini ya kila kanga. Na, "Muhogo umekatwa vipande vikubwa." Nilicheka kwa furaha. Kwa Bi Mkaguzi, hizo zilikuwa pongezi.

Tulikijaribu katika darasa langu mwenyewe. Alifunika maneno kwa kile kipande cha kanga, akafunua ukurasa wa kwanza, akanyamaza. Bibi anampa mjukuu sahani.

Mara sauti moja: "Anampa kwa mkono wa kushoto!"

Nikatazama. Ulikuwa wa kushoto.

"Na yeye anapokea kwa kushoto!"

Ukurasa wa pili, Mhindi wa ghorofani: kushoto. Wa tatu, muuza kahawa: kushoto. Ikawa mchezo. Kila ukurasa ukifunuliwa watoto thalathini wanapiga kelele pamoja, "Kushotooo!" na kuanguka mkekani kwa kicheko. Ukurasa wa mwisho bibi anakula, na mkono wake wa kushoto umo ndani ya wali.

Baadaye tulielewa kilichotokea. Aliyepanga kurasa aligeuza michoro yote, kulia ikawa kushoto, ili nyuso za watu zitazame upande wa maneno. Yeye hakuwa mtu wa huku, hakujua kuwa kwetu mkono ni jambo. Lau kanga ya bibi ingekuwa na jina, maneno yangetoka kinyumenyume na sote tungeshtuka. Mimi mwenyewe nilikisoma chote kabla hakijachapwa, nikaona herufi zangu tu.

Katika darasa lile alikuwamo mtoto mmoja, Rahma, aliyeshika penseli kwa kushoto. Wenzake walipokuwa wakicheka, yeye aliukalia mkono wake. Aliutia chini ya paja, akautulizia pale, akacheka pamoja nao. Bi Mkaguzi alimwona. Akafunga kitabu katikati ya kicheko.

"Rahma," alisema, "kuanzia leo wewe ndiye mfungua kurasa. Njoo unisaidie na kile kitabu chengine." Rahma akaenda, akafungua kurasa za kitabu cha kuku kwa mkono ule ule, na Bi Mkaguzi, kwa mara ya kwanza nimjuavyo, hakusema neno juu ya mkono.

Katika daftari aliandika: *Mtoto kaona mkono. Hakuona sahani.* Kisha akaniambia, "Hakipiti, mwalimu."

Nilimfuata mpaka ngazini. "Bi, ulikaa nacho wiki nzima. Wewe unayeona nzi kwenye picha. Mbona hukuniambia kabla, ukaniacha niaibike mbele ya watoto wangu?"

Alisimama, mkono ukutani. Akasema tena, "Hakipiti, mwalimu," akateremka. Nakala moja aliondoka nayo mkobani.

Kukirekebisha kilikuwa kitu chepesi. Kila mtu aliniambia: geuza michoro, chapisha upya. Sikufanya. Nilinuna. Nilikitia kisanduku kizima cha nakala mvunguni mwa kitanda, na kila nilipofagia nilikisukuma ndani zaidi. Kwenye kamati nilihamia upande wa pili wa meza. Nilimwamkia kila Jumamosi, naye akaniitikia, na hatukusema zaidi ya hapo kwa miaka. Nilikuwa na hakika aliuona ule mkono tangu siku ya kwanza na akataka kunifunza adabu. Jambo hilo nililihifadhi kama mtu anavyohifadhi risiti.

*

Mwaka huu nilisikia amepigwa na kiharusi, upande wa kulia umelala. Nilisikia pia kwamba hapokei wageni. Watu walipanda kwake, mtaa wa Malindi, wakaambiwa kapumzika. Nikakaa siku tatu nikijiambia kwamba mimi hanitaki zaidi ya wengine. Ya nne, baada ya laasiri, nikapanda.

"Hodi!"

"Nani?" Sauti ilikuwa nzito kidogo, lakini yake.

Nikajitaja.

"Pita. Wewe pita."

Alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, kanga imefunika mapaja na mikono yote miwili.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa."

"Alhamdulillahi, Bi. Nawe wajionaje?"

"Nnajiona. Upande mmoja."

Mtoto wa kike wa miaka sita hivi, mjukuu wa jirani wa chini, aitwaye Sabra, aliniletea kahawa na sahani ya vileja, vile vibiskuti vya unga wa mchele. Bi Mkaguzi hakuigusa sahani. Alimwashiria kwa kidevu, Sabra akaniwekea mbele yangu, kisha akarudi mkekani kwenye kitabu alichokuwa akikitazama. Mgongo wa kitabu ulikuwa umeshonwa kwa uzi mweusi, na pembe zake zimekuwa laini kama kitambaa. Niliponyanyua kikombe nikakitambua. Kilikuwa changu.

"Msomee Mwalimu," Bi Mkaguzi alisema.

Sabra hakujua kusoma bado. Aliweka kiganja juu ya maneno, kama alivyofunzwa, akaanza kutoka kwenye picha. "Bibi anatoa muhogo. Anamwambia usile njiani. Huyu anapanda ngazi, ngazi nyingi, kachoka. Mhindi anasema, loo, muhogo! Anatia sambusa. Mbili... hapana, tatu." Akaenda hivyo nyumba kwa nyumba. Nami nilikuwa nikingoja neno moja. Kila akifunua ukurasa niliukaza mwili nikilingoja. Halikuja. Alifika mwisho, akatazama bibi aliyetia mkono wa kushoto katika wali.

"Na hapa bibi anakula," alisema. "Anakula kama bibi yangu huyu."

Akafunga kitabu, akaenda kuchungulia paka ngazini.

Bi Mkaguzi akautoa mkono wa kushoto chini ya kanga, akauweka juu ya goti, mahali ninapoweza kuuona.

"Ule mkono mie sikuuona," alisema.

Sikumwelewa.

"Kitabu chako. Nilikaa nacho wiki nzima. Nikaona kanga haina jina. Nikaona muhogo. Mkono sikuuona, wallahi. Kwangu mimi ulikuwa sawasawa." Akaugeuza mkono, kiganja juu. "Huu ndio niliozaliwa nao. Mama yangu akaufunga kwa kipande cha kanga, mwaka mzima, nikila, nikiandika. Hakuwa na ubaya, masikini, alitaka nisichekwe chuoni, kwenye Kurani. Nikachekwa vilevile, mtoto mkono mmoja kafungwa kama kuku wa sokoni. Basi watoto wako walipopiga kelele siku ile..."

"Kwa nini hukuniambia, Bi? Pale ngazini?"

"Nikwambie nini? Bi Mkaguzi, anayeona hata nzi, kapitwa na mkono? Niliona haya. Nikasema mwache na hasira zake, zitapoa."

"Hazikupoa."

"Nshaona. Kila Jumamosi uliniamkia kama unanitupia mfupa." Akacheka upande mmoja wa uso, nami nikacheka, na machozi yakanitoka. "Basi nisamehe, mwanangu. Nikikutazama ukihama meza nilikuwa najua kosa lipo kwangu."

Nikamwambia nimeshasamehe, anisamehe na mimi. Nilisema maneno mengi ambayo sina haja ya kuyaandika. Alinisikiliza mpaka nikaisha, kisha akaniuliza nakala zangu ziko wapi. Nikasema mvunguni.

"Lete daftari. Lile pale, chini ya redio."

Nililijua. Akaniambia nifungue ukurasa wa kitabu changu. Maneno yake ya siku ile yalikuwapo bado, yamesimama wima, kila herufi peke yake: *Mtoto kaona mkono. Hakuona sahani.* Aliomba kalamu, akaishika kwa kushoto. Alichukua muda. Herufi zilitetemeka na zililala upande, lakini zilishikana, moja ikamwegemea mwenziwe: *Sabra kaona sahani.*

"Sasa sikiliza," alisema. "Watu wote wageuze, warudi upande wao. Mjukuu, Mhindi, muuza kahawa, wote kulia. Bibi mwache alivyo."

"Watoto watacheka, Bi."

"Watacheka. Halafu mmoja atauliza mbona bibi yule vile. Na wewe si utakuwapo? Ndiyo kazi yako." Akafikiri. "Na kanga yake itie jina."

"Jina gani?"

"Khaa! Kila kitu mie? Wewe ndiye mwandishi."

Magharibi ilikaribia nikaaga. Akaniambia kwa kuwa sikuvimaliza vileja, niondoke navyo. Nikamtazama Sabra, maana ndiye aliyekuwa akipokeza vitu tangu nifike, lakini Sabra alikuwa ngazini na paka wake. Bi Mkaguzi akainama mwenyewe, akaichukua sahani kwa mkono wake wa kushoto, akaninyooshea. Huyu ndiye mwanamke aliyewaambia watoto wa mji huu, mmoja mmoja, *mkono wa kulia, mwanangu*. Nilingoja aseme, "Samahani kwa mkono." Aliniangalia usoni, hakusema. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Sahani ile ni ya bati jeupe, ina ua la bluu katikati na mkwaruzo pembeni. Iko kabatini kwangu. Mchoraji amekwisha kugeuza picha, bibi peke yake hakuguswa, na chini ya kanga yake tumeandika jina. Sasa tunawangoja wachapaji. Kila Ijumaa Sabra hupita akitoka chuoni, anasimama mlangoni bila kuingia.

"Bibi anauliza sahani yake."

"Mwambie bado," namjibu. "Mwambie siwezi kuirudisha tupu."